Kirusi Ndani ya Boti

Boti ikikaribia mwalo wa Katonga, Jovita akamsimulia jirani yake, mama muuza migebuka, kwamba miguu ya bintiye Erica, aliyekuwa akirudi naye kutoka hospitali, ilikufa ganzi kwa ugonjwa wa neva, na daktari anadhani kirusi cha zamani kilichangia.

Yule mama akavuta beseni lake. "Kirusi! Karibu na samaki wangu?"

"Ugonjwa wake hauambukizi, dada. Na kirusi chenyewe karibu sote tunacho, hata wewe."

"Mimi? Ushindwe! Mtoto karogwa huyo, mpeleke kwa mganga."

"Huko ndiko tulikochelewa mpaka macho yakaanza kufifia. Wako akiugua, kimbilia hospitali."

Boti ikagusa mchanga. Erica akaukataa mkono wa mama yake, akashuka majini mwenyewe, akatembea.

"Mganga wangu angemfanya akimbie kabisa!" muuza migebuka akadakia.

Jovita hakusikia, alikuwa anapiga vigelegele.