Micah Mathenge na Unga Mweupe wa Kariandusi

Zamani fundi wa Nakuru aliliinamia gari, akalinusa na kulipapasa mpaka likamwonyesha linapoumwa. Siku hizi anachomeka waya, anasoma kioo cha simu, kisha anakutuma dukani ukanunue kifaa kipya. Micah Mathenge Ndiang'ui, tunayemzika leo hapa Njoro, alikuwa fundi wa zamani.

Alizaliwa Kariandusi tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa pili wa Mzee Ndiang'ui na Mama Wanjeri. Baba yao alichimba ule udongo mweupe laini wa machimbo ya huko, na jioni alirudi kama mtu aliyetoka kusaga unga. Micah na kaka yake mkubwa Karuga, anayewasomea haya, walichora magari kwa kidole kwenye koti lake kabla mama hajalikung'uta.

Alisoma hukohuko Kariandusi, akamaliza darasa la saba mwaka 1966. Hapo ndipo shule ilipoishia. Kiingereza alikitoa kwenye vitabu vya magari, ukurasa mmoja kwa juma. Njoro hii ya chuo kikuu imejaa shahada, lakini wenye shahada ndio waliokuja kupanga foleni mlangoni kwake.

Mwaka 1968 aliandikwa katika gereji ya marehemu Bwana Kanji, karibu na stesheni ya Nakuru, na huko alidumu miaka arobaini na moja. Alitambulika kwa kabureta. Petroli ikivuja, wengine walifungua kila kitu. Micah alikausha kabureta, akaiziba midomo kwa kitambaa, akainyunyizia nje unga mweupe wa Kariandusi aliouweka katika mkebe wa kakao, kisha akawasha pampu bila kuwasha injini. Halafu aliketi. Unga ulipoanza kulowa, ndipo palipovuja. Mahali tone linapoangukia hakupajali. Leo gereji ile inauza vifuniko vya simu.

Tarehe 18 Desemba 1976 alimwoa Wawira, kanisani hapa Njoro. Asubuhi hiyo alikuwa amepita kazini mara moja tu, akiwa na suti yake. Wawira alimnong'oneza mchungaji asiwashe mishumaa mpaka bwana harusi atoke nje. Harufu hiyo ya petroli walikaa nayo karibu miaka arobaini na tisa, na Wawira anasema sasa nyumba inanukia sabuni tu, na hapendi.

Mwaka 2022 madaktari walisema moyo wake umechoka. Miguu ilivimba, akakatazwa kunyanyua hata jeki. Ndipo, Jumamosi tarehe 24 Mei mwaka huu, Vidya, binti wa Bwana Kanji, akaleta juu ya lori gari la baba yake: lile jekundu la michezo la mwaka 1967, lenye kabureta mbili, ambalo Nakuru nzima ililijua kwa sauti. Lilikuwa limelala tangu mzee alipofariki. Mafundi wawili wa mjini walikuwa wamelifufua, lakini kabureta ya nyuma ilimwaga petroli juu ya bomba la moshi lenye moto. Walibadilisha gaskiti ya kuziba maungio, wakabadilisha sindano inayofunga petroli, likaendelea kuvuja. Jumatatu mteja angekuja kulichukua, alitoe injini, aliweke mbele ya hoteli liwe pambo la kupigia picha. Vidya hakutaka hivyo, ila hakutaka kuungua pia.

Karuga alikuwa amekuja kutoka Ndabibi kumjulia hali ndugu yake. Aliwatukana mafundi wa siku hizi mpaka chai ikapoa. Micah aliomba mkebe wake.

Unga ulilowa kwanza juu, kwenye katundu ka kupumulia. Gaskiti ilikuwa kavu. Maana yake, petroli ilikuwa ikijaa kupita kiasi ndani. Alifungua kifuniko, akatoa boya, kile kichupa cha shaba kinachoelea na kuifungia petroli njia inapofika kiasi. Akalitikisa sikioni: halikuwa na kitu ndani. Akaliacha lielee kwenye beseni la petroli pamoja na boya la kabureta ya mbele. Hili la nyuma lilizama zaidi. Akaligeuza, akaona tonge la lehemu, na kando yake herufi zilizochorwa kwa msumari: M.M. 84.

Alicheka mpaka Wawira akatoka jikoni mbio, akidhani ni moyo.

"Wacha hao vijana, Karuga," alisema alipopata pumzi. "Wamepima kama kitabu kinavyosema, na kitabu kiko sawa. Boya lilitoboka, mimi ndio nikaliweka lehemu nyingi, likawa zito. Nikakunja mkono wake kidogo lifunge mapema, na sikumwambia mtu. Wao wameunyoosha."

Karuga alimwambia aukunje tena, basi, kazi iishe.

"Nikiukunja, nani atajua nikienda?"

Akachukua tupa, akalikwangua lile tonge taratibu saa nzima, akipumzika kila baada ya muda, mpaka maboya yote mawili yakaelea sawasawa. Kisha akaurudisha mkono kwenye kipimo cha kitabu. Akanyunyiza unga, akawasha pampu, akaketi. Unga ulibaki mweupe. Vidya alimpigia mteja simu hapohapo, akamwambia asije.

Micah alilala Jumanne tarehe 10 Juni 2025, asubuhi, Wawira akimmiminia chai. Ameacha mjane wake Wawira, watoto wake Wanjeri na Ndiang'ui, mkaza mwana Jepchumba, mjukuu Shantel, na kaka yake Karuga.

Karuga hakumwona kitandani. Alimwona mara ya mwisho Jumamosi ile, saa tisa alasiri, Vidya alipomuuliza, "Mzee Micah, twende wapi?" naye akasema Kariandusi. Karuga alishika mlango ili naye aingie.

"Hili ni la viti viwili, mzee," Micah alimwambia. "Wewe shika mkebe."

Wakaondoka. Injini ilisikika mpaka barabara kuu, na Karuga akapanda gari la kurudi Ndabibi kabla hawajarejea. Na apumzike hivyo alivyoonekana: ameketi, anacheka, na nyuma yake barabara kavu.