Zulia la Imtiyaz

Sogeeni karibu, wanangu. Ramzi, keti, Nejat, nishike mkono, maana pumzi imekuwa haba na hofu ni nyingi. Siogopi kufa. Baba yenu katangulia mwezi wa Rajabu, na kaburi lake litakuwa jirani yangu. Ninaogopa kuulizwa.

Ramzi, nilikusikia ukimwambia mkeo kwamba mtaleta makochi na televisheni sebuleni. Leteni, chumba ni cha walio hai. Ila kibaraza cha juu humu ndani alichokalia baba yenu msikibomoe, mgeni mzee apande pale anyooshe miguu. Na sakafu msiipake rangi ya dukani, ipakeni udongo mwekundu kama mlivyoikuta. Vikapu vya ukutani ni vya Nejat, nilivisuka na mama yangu. Nyumba mgawane nyinyi wawili kama alivyoamuru Mungu. Nimesema wawili.

Sasa tazameni juu ya mlango. Watu wa mji wetu wa Harar hawaulizi nyumba ina mabinti wangapi wa kuoza. Huinua macho, wakahesabu mazulia yaliyokunjwa. Moja la dada yenu Imtiyaz, moja la Nejat. Imtiyaz alipokwenda kutafuta kazi ng'ambo, lake nililiacha. Bi Maftuha alikuja na washenga wenzake, akanywa kahawa yangu ya maganda, akacheka: "Mama Ramzi, huyo mkubwa anangoja sultani? Tutamrukaje tumchukue mdogo?" Nikamwambia, "Yuko njiani, dada. Vuta subira." Wakavuta, wakachoka, wakaenda kwa wengine. Mara tatu, Nejat. Ukadhani huna bahati. Ulikuwa ukilia katika kile chumba kidogo cha maharusi, nami huku nikikusikia.

Mficha uchi hazai, nami nilificha. Miaka minne iliyopita mtu alinipigia simu kutoka pwani ya Jibuti. Alisema mashua ilipinduka, wamezika waliowaokota, na kwenye kitambaa cha mmoja wao pameshonwa jina na namba yetu ya simu. Akanisomea jina la dada yenu. Nikanawa uso, nikaenda kupika. Niliona nikilishusha lile zulia, mimi ndiye nitakayekuwa nimemuua. Basi nikamzika huyu aliye hai. Hata baba yenu alikata roho akiuliza kama Imtiyaz amepiga simu, nikamwambia atapiga kesho.

Usinitazame hivyo, Ramzi. Niliogopa.

Lishusheni leo, mchana huu, majirani waone. Lipelekeni msikitini, na muombe asaliwe sala ya maiti asiyekuwepo. La Nejat likung'uteni vumbi, mlirudishe. Bi Maftuha akija, mpandisheni kwenye kibaraza cha juu, mwambieni mama yetu alisema uongo. Semeni hivyo hivyo, msinipambie.

Mungu awaweke pamoja... awape watoto watakaowaambia kweli. Nejat, unisamehe. Si lazima iwe sasa. Mkono... usiuachie tu.

Panda, Ramzi mwanangu. Polepole. Mimi nitafumba macho... mniambie likishafika chini.