Dawa Haikumuua Fundi Milimita

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka fundi vioo ambaye mtaa mzima ulimwita Milimita. Ukimwita akupimie dirisha, atapima, atapima tena, kisha atakwambia, "Mzee, fremu yako imepinda milimita mbili." Ukibisha, anakuwekea futi mbele ya macho usome mwenyewe. Hakuna aliyebishana naye akashinda.

Ninaye hapa studio dada yake mkubwa, mpishi wa bweni la shule. Yeye ndiye aliyetuomba kipindi hiki. Nimempa maji hataki, nimempa chai hataki. Anasema anataka kusema tu, halafu aende.

Mama yao alifariki Milimita akiwa bado ananyonya. Dada ndiye aliyembeba mgongoni, akamfundisha kutembea, akamtafutia fundi wa kumfunza kazi. Milimita alimwita Dada, lakini alimtii kama mama. Naomba mlikumbuke hilo, wasikilizaji wapendwa. Alimtii kama mama.

Ugonjwa ulianzia kazini. Alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, akaumia mgongo. Mwenzake mmoja akamwambia, vuta hiki kidogo, utalala. Kile kidogo kilikuwa unga, yaani heroini. Alivuta apate kulala, baadaye akawa anavuta apate kuamka. Asipovuta, arosto inamshika. Mifupa inauma, tumbo linakata, jasho linamtoka huku anatetemeka kwa baridi. Na mikono inayotetemeka haikati kioo. Fundi wa milimita akaanza kukosea kwa sentimita, wateja wakamkimbia mmoja mmoja.

Dada alijaribu yote anayoyajua. Alimfungia chumbani. Alimfichia viatu asitoke, akatoka peku. Alilia, akamgombeza, akamwapiza, akamwomba radhi. "Nilidhani ni ukaidi," ananiambia. "Nilidhani nikimpenda kwa nguvu ataacha."

Mwisho akamwambia aende kliniki. Kule akapewa ushauri nasaha na dawa iitwayo methadoni. Inanywewa kila siku, mbele ya muuguzi. Ukishameza, muuguzi anakutaka useme neno, ahakikishe hujaibakiza mdomoni. Wengine husema asante. Milimita neno lake lilikuwa moja: "Dirisha lenu limepinda." Kila asubuhi, dirisha lenu limepinda. Muuguzi alipochoka kusikia, Milimita akaja na vifaa vyake akalinyoosha bure.

Dawa ile haikumlewesha. Ilimwondolea arosto, kichwa kikatulia, akala, akanawiri, mikono ikarudi. Wateja nao wakarudi. Jamani, nyumba zote za mtaa ule zina kioo chake.

Ndipo ikaja kazi kubwa. Jengo refu, mji mwingine, vioo kuanzia chini hadi juu. Kazi ya kumtoa fundi kwenye madirisha ya vyoo. Lakini dawa inanywewa kliniki, kila siku. Akamwambia dada yake, "Ngoja nimuulize muuguzi, labda kuna njia."

Dada akamkatiza. Maneno haya ameyarudia hapa studio, neno kwa neno, na sauti yake ikawa ndogo sana. "Nikamwambia, uulize nini? Umepona. Hiyo dawa utainywa mpaka lini? Ukiomba barua ya kliniki, msimamizi wa kazi atajua ulikuwa teja. Nenda kimyakimya kama wanaume wenzako."

"Akajibuje, Dada?"

"Akasema, haya, Dada."

Milimita akaacha dawa ghafla, akasafiri. Arosto ikamkuta kule, akawaambia wenzake ni homa. Akaivumilia mpaka ikapita. Akapiga simu, "Dada, nimeshinda." Dada akafurahi, akawatangazia wapishi wenzake kwamba mdogo wake ni mtu wa majengo marefu sasa.

Wiki zikapita. Kubeba vioo kukauamsha mgongo, na hamu ya unga ikaamka nao. Siku moja akavuta kiasi kilekile cha zamani. Mwili ulikuwa umeshakizoea enzi hizo, sasa haukukijua tena. Pumzi ikapungua, ikapungua, ikakatika. Wenzake walimkuta kitandani na nguo za kazi.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Msibani, Dada aliendelea kuficha. Aliwaambia watu ni moyo. Lakini watu si watoto. Walijua Milimita alikuwa akienda kliniki, wakaunganisha wenyewe: ile dawa ndiyo imemuua. Dada aliyasikia, akayaacha yaenee.

Baada ya msiba, muuguzi alimfuata Dada jikoni kwake kumpa pole. Akamwambia, "Mama, angenieleza kwamba anasafiri, ningempigia mwenzangu wa kule. Angekunywa dawa palepale, na msimamizi asingejua lolote. Mwenye kisukari haachi dawa kwa sababu sukari imeshuka. Na anayetaka kuacha hii, tunampunguzia polepole." Dada alikaa chini sakafuni, mwiko mkononi.

Tangu siku hiyo hapiti mtaani bila kuinamisha kichwa. Kila kioo ni cha mdogo wake, na kila kioo kinamwonyesha sura yake mwenyewe. Kwake mapazia hayafunguliwi. Anasema akiwa peke yake huwa anasikia mtu akijibu, haya, Dada. Anageuka. Hakuna mtu.

Muuguzi alisema jambo jingine. Yuko fundi viatu aliyekuwa akipanga foleni na Milimita. Aliposikia kwamba dawa imeua, akaacha kwenda. Amefunga kibanda, hajulikani analala wapi. Hilo ndilo lililomleta Dada hapa.

Wasikilizaji wapendwa, kwa familia ya fundi Milimita, poleni sana. Dada, pole. Mungu ampumzishe mdogo wako. Na sisi tuliobaki tujiulize: nyumbani kwetu ni nani anayetumia dawa kwa kujificha, na anamficha nani kama si sisi? Sasa nampa Dada kipaza sauti.

"Fundi viatu, mwanangu, mimi ni dada yake Milimita. Nilidanganya msibani. Dawa haikumuua. Aliiacha, na mimi ndiye niliyemwachisha. Popote ulipo, kesho asubuhi njoo kwangu, twende wote kliniki. Mdogo wangu sikumsindikiza hata siku moja, nilikuwa naona aibu. Wewe nitakushika mkono, tupite katikati ya mtaa, watu watuone."