Kamera ya Kona ya Tatu

Huku Kanyakine kahawa hulimwa, huvunwa, hupimwa, hugombaniwa kwenye mikutano ya kiwanda, halafu wakulima huenda nyumbani wakanywa chai. Mahali pekee ambapo kahawa yetu hufika kinywani ni benchi la Nelius muuza kahawa, kando ya ukuta wa studio ya picha, na wanywaji ni sisi wanne. Yuko Mugendi, fundi wa redio, tunayemwita Transista. Akimaliza kutengeneza redio hubaki na skrubu moja mkononi na huiita ya ziada. Yuko mzee Kailemia, tunayemwita Serikali, kwa kuwa alikuwa tarishi katika ofisi ya chifu kwa miaka thelathini na hadi leo husema “sisi” akimaanisha Jamhuri. Yuko Kithaka, makanika na dereva wa mbio, mwenye Datsun ya rangi tatu. Na niko mimi, Gazeti, ninayesoma hata karatasi iliyofungiwa sukari. Kwa sababu hiyo huulizwa mambo nisiyoyajua, na huyajibu.

Ijumaa moja ya mwaka wa tisini na sita benchi lilipata kazi, jambo la nadra. Kesho yake Kithaka alikuwa na mbio Kibirichia, kwenye shamba la waru, yaani viazi, lililokwisha kuvunwa. Raundi ni sita. Waandaaji, kwa kukosa matairi ya kuwekea alama kwenye kona, waliazima magunia ya waru, yakiwa yamejaa. Ukigusa gunia, unaongezewa sekunde tano. Mwezi uliotangulia Kithaka aliambiwa amegusa lile la kona ya tatu. Akaapa hakuligusa. Mimi nikamwandikia rufaa ya kurasa tatu, yenye “ilhali” kumi na moja. Jibu lilikuja kwa mistari minne na mhuri:

“Kamati inasikitika kwamba rufaa yako haiwezi kusikizwa, kwa kuwa gunia lilipasuka na ushahidi ukaliwa na umma. Ukipatikana na kosa hili tena utaondolewa kwenye orodha ya madereva. Ukiwa na pingamizi siku zijazo, leta picha.”

Leta picha. Celina wa studio alikuwa na kamera mbili za video. Moja kubwa, ya kubebwa begani, iliyokuwa imerekodi karibu kila harusi ya Imenti Kusini. Nyingine ndogo, ya kutosha kiganjani, aliyoletewa na dada yake kutoka Ujerumani. Saa kumi angepanda gari kwenda Chuka kurekodi harusi.

— Moja naenda nayo, moja nawaachia, alituambia akielekea kusukwa nywele. Nikirudi niambieni ni gani.

Ilikuwa saa nane. Tulikuwa na saa mbili na birika zima.

— Kubwa, akasema Serikali. Hiyo haina mjadala.

— Kwa nini kubwa, mzee? akauliza Transista.

— Inaonekana. Kamati ikiona kamera kubwa itakuwa na adabu. Sisi tulikuwa tukienda kukusanya kodi tunabeba faili nene. Ndani hakuna kitu, lakini watu walikuwa wanalipa.

— Itakaa wapi kwa Datsun?

— Kiti cha abiria. Ifungwe mkanda kama mtu.

— Gari haina mkanda, akasema Kithaka.

— Ati huna mkanda, na unaogopa waru?

Transista akaweka kikombe chini, kama afanyavyo akitaka kuingiza umeme kwenye mazungumzo.

— Wazee, kubwa ina sumaku ndani. Ukiiweka karibu na usukani, itavuta usukani. Kithaka akitaka kulia, gari inaenda kushoto.

— Umeona wapi hiyo?

— Sijaona. Nimefungua kaseti nyingi. Kitu kikubwa, sumaku kubwa.

— Basi ndogo, nikasema.

— Ndogo nayo inatoa picha ndogo. Gari itatokea kama ya kuchezea. Gunia itakuwa kama punje ya maharagwe. Nani atajua kama imeguswa?

— Si hiyo ndiyo tunataka? akauliza Serikali. Wasijue?

Kithaka alikuwa anakwaruza grisi kwenye ukucha.

— Mimi nataka wajue, akasema. Mkiendelea hivi nitafutwa kwa orodha. Nimeendesha miaka saba nifike kwa hiyo orodha.

Hapo nikaona ni zamu ya elimu. Celina alikuwa ametuachia kitabu cha maelezo ya kamera ndogo, na kilikuwa cha Kijerumani. Nilikifungua ukurasa wa kumi na mbili nikausoma kwa sauti ya mtu anayekielewa. Palikuwa na mchoro wa kamera iliyopigiwa mstari mwekundu juu ya beseni la maji.

— Inasema isiogeshwe, nikawaarifu.

— Hiyo hata mimi ningesema bila kwenda Ujerumani, akasema Nelius akinimiminia.

— Vumbi je? akauliza Kithaka. Kibirichia saa hii ni vumbi mpaka kwa meno.

Nikatafuta vumbi. Wajerumani hawakulichora.

— Ifungwe kwa karatasi ya nailoni, akasema Transista. Na kamba. Wahenga walisema, kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Hii kamera ni mgeni.

— Iwekwe chini ya kiti, akadakia Serikali. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Chini ya kiti itaona nini, mzee?

— Itaona miguu. Kamati ikiona mguu uko kwa breki, inajua dereva ni mtu wa heshima. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

— Mzee Kailemia, akasema Nelius, hizi ni mbio.

— Hata kwa mbio kuna pole. Na tena mnasahau jambo. Kibali. Kamera kubwa inataka barua ya DO, mkuu wa tarafa, kwa sababu watu watajaa, na watu wakijaa ni mkutano. Kamera ndogo nayo inataka barua.

— Ya nani?

— Hiyo hatuwezi kusema hapa benchini. Kamera ya kujificha ni mambo ya usalama.

Tukatazama barabarani, kila mmoja upande wake. Alikuwa anapita punda mwenye mitungi ya maji. Tulingoja mpaka apite, maana miaka ile mtu hakuwa na hakika na yeyote.

Sasa naomba msomaji anisamehe, kwa kuwa nadharia mbaya kuliko zote siku hiyo ilitoka kwangu, na niliitoa kwa hesabu. Nilikuwa nimesoma mahali fulani kwamba video ni picha ishirini na tano kwa kila sekunde. Nikachukua kijiti nikaandika kwenye vumbi.

— Kithaka, kona ya tatu unapita na kasi gani?

— Sitini hivi.

— Sitini kwa saa. Ni karibu mita kumi na saba kwa sekunde. Gawa kwa ishirini na tano. Kati ya picha na picha, gari limesonga theluthi mbili za mita. Gunia la waru lina upana gani?

— Nusu mita, akasema Nelius. Likishindiliwa vizuri.

— Basi! Gunia linaweza kuguswa katikati ya picha mbili, na kamera isilione kabisa.

Wote wakaiinamia ile hesabu kwa heshima.

— Gazeti, akasema Transista, wewe ungekuwa chuo kikuu.

— Kwa hivyo akienda themanini? akauliza Serikali.

— Ndiyo salama zaidi.

— Na akienda mia?

— Akienda mia kona nzima haitaonekana.

Serikali akajipiga kofi gotini.

— Tumemaliza! Kubwa au ndogo, yote sawa. Kithaka, wewe kanyaga tu.

Tulicheka, tukagonganisha vikombe, Transista akanitaka radhi kwa mambo aliyowahi kusema juu yangu. Kithaka hakucheka. Alikuwa anatazama ile hesabu vumbini, kisha akaipitishia kiatu taratibu.

Celina akatokea wakati huo, nywele zimesukwa zikimeta mafuta, mkononi ameshika mfuko wa betri.

— Haya wazee wangu. Gani?

— Tumekubaliana, nikasema.

— Gani?

— Tumekubaliana kwamba jambo ni zito.

Celina akatazama birika, akatazama kijiti changu. Akaketi ukingoni mwa benchi, akamgeukia Kithaka peke yake.

— Hebu nisaidie. Mimi nikirekodi harusi, kwanza nauliza keki itakatwa wapi, ndiyo nijue nitasimama wapi. Sasa wewe, ile gunia uliigonga na upande gani?

— Nyuma, kushoto, akasema Kithaka.

Alijibu upesi, kama mtu aliyeulizwa jina lake. Kisha akasikia alichosema, na sisi pia tukasikia.

Serikali ndiye aliyepata sauti kwanza.

— Ai! Uliigonga?

Kithaka akainamisha kichwa.

— Niliisikia ikipasuka. Kila raundi nikikata hiyo kona, mkia unaingia. Sijui kama nakata mapema ama nakanyaga mapema. Nikiwa kwa usukani siwezi kuona nyuma.

— Na zile “ilhali” zangu kumi na moja? nikauliza.

— Zilikuwa nzuri, Gazeti. Hata mimi nilianza kuziamini.

— Sasa, akasema Celina polepole, mlikuwa mnataka kamera ya nini?

Swali lilikuwa jepesi, la mtoto wa darasa la pili. Transista alichungulia ndani ya kikombe. Serikali, mwenye miaka thelathini ya kujibu kwa niaba ya Jamhuri, alikohoa. Mimi nilifungua kitabu cha Kijerumani, na hakikunisaidia. Nelius alitikisa birika, lilikuwa tupu.

Kithaka ndiye aliyesimama.

— Nipatie ndogo. Niifunge nje, kwa mlango wa kushoto, iangalie nyuma kwa gurudumu. Kubwa haiwezi kukaa hapo. Siipelekei kamati. Nataka kuona nakosea wapi, kabla wanifute.

— Nje? Upande ule wa gunia?

— Ndiyo.

— Kithaka, ukipitisha kamera yangu kwa gunia, dada yangu atarudi kutoka Ujerumani kwa miguu aje aninyonge.

— Mami, najua. Hiyo kona nitaizunguka kama nimebeba mayai ya watu.

Celina akaenda kuukagua mlango wa kushoto wa Datsun, iliyoegeshwa kando ya benchi. Kisha akazitoa kamera zote mbili studioni, akamwonyesha kitufe chekundu cha ile ndogo, akamfanya akibonyeze mara tatu mbele yake. Alimkabidhi na betri mbili. Ile kubwa akaitupa begani na kwenda kituoni.

Kithaka alianza palepale kukata vipande vya blada kuukuu, ule mpira wa ndani ya tairi, na kuifunga kamera mlangoni. Alivuta kila fundo, akaenda nyuma ya gari, akachutama, akatazama itakachokitazama kamera.

— Mnaona? akasema Serikali, akisimama kwa fimbo yake. Mimi nilisema ndogo.

— Mimi ndiye nilisema ndogo, akasema Transista. Na kamba nilitaja.

Nami nikawakumbusha ni nani aliyesoma maelezo. Tulipoachana jioni, benchi zima lilikuwa limekubaliana kwamba shauri hilo tulilitoa sisi.