Mstari wa Makaa Ukutani

Ndugu zangu, asanteni kwa kunipa nafasi. Nikilia katikati mnivumilie, bado sijazoea kuyasema haya mbele za watu.

Mume wangu alikuwa mwalimu wa sayansi. Enzi zile za wanajeshi, petroli na mafuta ya taa vilipoadimika, akaanza kufuga ukijani kwenye matangi nyuma ya nyumba yetu Bugolobi, kule Kampala. Ndiyo, ule ule utelezi unaoota kwenye maji yaliyotuama. Cheka tu, dada, hata mimi nilimcheka. Alitaka kuuvundika utoe gesi, mji mzima upikie. Akapiga hesabu ya jua, joto na samadi, akachora ukutani kwa makaa mstari wa jinsi utakavyokua.

"Ukizidi kuwa mzito," aliniambia, "wa juu unaunyima wa chini jua, wote unakufa. Lazima upunguze nusu, ndipo ukue tena."

Kisha mtu akapeleka maneno kwamba mwalimu anapika sumu ya kuwaua wakubwa. Wanajeshi walikuja mchana, wakamtia kwenye buti ya gari mbele ya macho yangu.

Nawaambia, msiba usio na maiti ni mateso. Nikae eda? Nisubiri? Ndugu zetu wa Old Kampala waliogopa hata kunisalimia. Nikajifungia ndani, matangi sikuyagusa. Ukijani ukawa mzito, ukaanza kunuka, na hicho ndicho kitu chake pekee kilichobaki hai.

Aliyebisha hodi ni jirani, mke wa askari kutoka kaskazini. Nilimchukia kabla hajafungua mdomo.

"Mama, maji yako imeoza. Mwalimu ilisema tunapunguza nusu. Lete sufuria."

Kumbe alikuwa akimsikiliza ng'ambo ya ua. Tulichota, tukamwaga kwenye migomba yake, na hapo ndipo aliponiambia kwamba mumewe naye alichukuliwa na wenzake wa kambini. Tulilia sana, jamani.

Ukijani ukarudi. Nikaupima kwa kijiti alichokuwa akiupimia, ukafika pale pale alipochora. Nikasimama mbele ya ule ukuta, nikamwita kwa jina. Yeye hajarudi hadi leo.

Jirani yangu, dada yangu uliyeketi hapo nyuma, asante kwa kubisha hodi. Nanyi nyote mlionisikiliza, asanteni. Aliyejifungia na huzuni yake, mwambieni aje apunguze hapa. Mimi leo nimepunguza nusu. Nusu iliyobaki niachieni, ni ya mume wangu.