Mzee Leodgar Anaomba Maji

Jumanne ya tarehe 30 Juni, 1987, Mzee Leodgar Kamili aliirudisha baiskeli ya ofisi, akaifuta vumbi kwa leso yake mwenyewe, kisha akaiegemeza ukutani pale pale alipopewa ya kwanza mwezi Julai, 1963. Kati ya siku hizo mbili ipo miaka ishirini na minne ya utarishi katika Ofisi ya Makazi ya Kota Mpya, hapa pembezoni mwa mji wa Shinyanga. Baiskeli zimebadilika, rangi ya ofisi imebadilika, na wakuu wa ofisi wamekuja na kuhamishwa. Yeye alibaki, na sasa naye amefika mwisho wa zamu.

Kwa wasomaji wa jarida hili walio vituo vingine, inafaa nieleze kidogo Kota Mpya ni mtaa wa namna gani. Hapa wanakaa watu wa reli, wauguzi, walimu na wafanyakazi wa kiwanda cha kuchambua pamba. Majirani wengi ni Wasukuma, lakini wamo Wasumbwa kama Mzee Leodgar mwenyewe, mzaliwa wa Ushirombo, na wamo Wahaya, Wakurya na wengine ambao hata wao wakiulizwa kwao hujibu kwamba ni mstari wa tatu, karibu na bomba. Mtaa mzima una simu moja, nayo iko mezani kwangu. Mtu akijifungua hospitali, simu inalia hapa. Mgeni akikwama stesheni, inalia hapa. Sukari ikishuka katika duka la ushirika, hata hilo tunaambiwa sisi kwanza. Kazi yangu ni kuinua mkono wa simu, na kazi ya Mzee Leodgar ilikuwa ni yale yote yanayofuata baada ya hapo.

Habari njema alizipeleka bila kushuka kwenye baiskeli. Alipiga kengele tangu kona ya kwanza, akatamka habari yake kwa sauti mbele ya nyumba inayohusika, kisha akaendelea na safari. Mwalimu Stanslaus mpaka leo hajamsamehe. Siku mkewe alipojifungua mapacha, Mzee alitangaza mapacha na kupita, na Mwalimu, akiwa na povu la kunyolea ndevu shavuni, alimkimbiza mpaka kwenye bomba ili aulize ni wa kiume au wa kike.

Habari ya sukari aliitangaza kwa haki. Wiki hii alianzia mstari wa kwanza, wiki nyingine alianzia wa mwisho, na nyumba yake mwenyewe ilisikia baada ya nyumba zote. Marehemu mkewe, Mama Limi, alizoea kusema hakuna mke wa mtumishi aliyekunywa chai kavu kama yeye, na alisema hivyo kwa sauti ya kutosha kusikika ofisini.

Lakini simu haileti mapacha na sukari tu.

Mwaka wake wa pili kazini, Mzee Leodgar alitumwa kumwambia mama mmoja kwamba kaka yake amefariki. Alikuwa bado kijana, na aliamini kwamba habari ni habari, kinachotakiwa ni kuifikisha upesi. Alimkuta mama huyo anaepua chungu cha uji, akamwambia pale pale mlangoni. Mama aliangukia chungu, akaungua mkono wote. Mkuu wa ofisi wa siku hizo alimsifu tarishi wake kwa wepesi. Mzee Leodgar anasema sifa ile ilimchoma kuliko kama angetukanwa.

Tangu hapo akaweka utaratibu wake, ambao haumo katika kanuni yoyote ya utumishi. Akiwa na habari ya msiba, alishuka kwenye baiskeli tangu kona, akaisukuma kimya bila kugusa kengele. Alibisha hodi, akasalimia kama kawaida, mwangaluka kwa Wasukuma na shikamoo kwa wazee, kisha akaomba maji ya kunywa. Hakuna nyumba ya hapa inayomnyima mtu maji. Mwenye nyumba angeondoka jikoni, aende kwenye mtungi, arudi na kikombe kwa mikono miwili. Mzee angekipokea, angeomba wakae, na hapo ndipo angesema alichotumwa. Nilipokuwa mgeni kazini nilimuuliza sababu ya mzunguko wote huo. Alinijibu kwamba mtu aliyekaa haanguki.

Ulikuwa utaratibu mzuri, na kwa miaka ya mwanzo uliwasaidia watu wengi. Shida ni kwamba mtaa wetu una macho. Haikuchukua muda watu wakaung'amua. Mzee Leodgar akishuka kwenye baiskeli, wanawake walisimamisha michi hewani wakitazama anaelekea wapi. Akiomba maji, kilio kilianza kabla mtungi haujafunuliwa. Mwishowe, katika mtaa huu wenye jua linalopasua midomo, tarishi wetu akawa mtu pekee asiyeweza kuomba maji kwa jirani. Alinunua kibuyu, akakifunga kwenye usukani, akanywa peke yake chini ya nguzo ya simu.

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Hawakusema kama anakaribishwa. Kwenye harusi alialikwa kwa kadi, akawekwa meza ya mbele, na watu walimcheka kwa upendo. Lakini siku za kawaida, jioni ambapo majirani huingia na kutoka majumbani mwao bila sababu yoyote, yeye hakuingia kwa mtu. Alijua akitokea mlangoni, moyo wa mwenye nyumba utaruka. Alikuwa na Mama Limi, na kwa muda mrefu hilo lilimtosha.

Mama Limi alifariki mwaka 1981, hospitali, asubuhi. Simu niliipokea mimi. Mzee alikuwa nje anaiosha baiskeli, na nilijua hakuna mwingine wa kumtuma. Nilitoka, nikamsalimia mara ya pili siku hiyo, kisha nikamwomba maji ya kunywa. Aliniangalia. Alikiweka kitambaa juu ya tandiko, akaingia ndani, akarudi na kikombe kimejaa, akanipa kwa mikono miwili. Halafu akavuta kiti cha wageni akakaa.

"Haya, mwanangu," aliniambia. "Nimekaa. Sema."

Nikasema. Hakuanguka. Nimefanya kazi na watu wengi wenye vyeo, lakini heshima ya kazi niliiona siku ile, kwa mtu aliyekaa kwenye kiti cha wageni akisubiri apewe alichokwisha kukijua.

Miaka miwili baadaye likatokea lile ambalo Kota Mpya wanalisimulia mpaka leo. Mama Donatus, ambaye jina lake ni Generoza, mfagizi wa zahanati, alikuwa na mwana mmoja tu. Donatus alikwenda Mwakitolyo kuchimba dhahabu, akaapa hatarudi mikono mitupu. Dhahabu haikumwonea huruma, naye akanyamaza, asilete salamu wala mtu wa kumsemea. Kila lori lililotoka huko, Mama Donatus alisimama barabarani.

Siku hiyo Mzee Leodgar aliamka na homa, na kwa ubishi wake akaja kazini. Karibu na bomba alianguka na baiskeli, kibuyu kikapasuka. Jua lilikuwa kali na malaria ilikuwa imempanda kichwani. Akajikokota mpaka nyumba ya karibu, akiburura baiskeli ubavuni, akabisha hodi, akasalimia, akaomba maji. Nyumba ile ilikuwa ya Mama Donatus.

Mama yule hakuuliza swali. Alipiga yowe lililotoa watu majumbani mpaka mstari wa mwisho. Mzee alijaribu kueleza, lakini homa ilimshinda, akadondoka kizingitini, na waliombeba kumpeleka hospitali walisema masikini, hata yeye safari hii habari imemzidi nguvu. Nilikwenda mimi mwenyewe kuwaambia kwamba simu haijalia tangu asubuhi. Hawakunisikiliza. Mzee mmoja aliniambia kwa upole kwamba simu yangu inaweza kukosea, Leodgar hajawahi kukosea.

Basi mikeka ikatandikwa, kuni zikaletwa, unga ukachangwa, wanakwaya wa kigangoni wakaja. Dereva wa lori aliyekuwa anapitia Tinde aliombwa afike Mwakitolyo kuulizia maiti. Alifika machimboni, akavua kofia, akawauliza wachimbaji marehemu Donatus wa Mama Generoza amelazwa wapi. Aliyemjibu ni Donatus mwenyewe, akiwa na tonge mkononi.

Kiapo chake kiliishia pale. Mtu aliyekwisha kuliliwa hana tena cha kuonea aibu. Alipanda lori lile lile, akashuka Kota Mpya mikono mitupu kabisa, akapita katikati ya mikeka ya msiba wake mwenyewe. Mama yake hakupiga yowe mara hii. Alimshika uso, akamshika mabega, akamkalisha chini. Wanakwaya hawakujua waimbe nini, kwa hiyo chakula cha msiba kikaliwa kama cha harusi. Donatus hakurudi machimboni. Leo ndiye fundi wetu wa baiskeli, na ya ofisi huitengeneza kabla ya zote.

Watu walicheka mwaka mzima. Mzee Leodgar hakucheka. Alipotoka hospitali alikwenda kumwomba radhi Mama Donatus, akaishia kwenye ua wa minyaa, kwa sababu mama huyo alipomwona tu alishika kifua. Akaomba radhi zake pale pale nje, akaondoka. Kibuyu kipya alikifunga siku hiyo hiyo.

Ndiyo maana mwaka huu, alipopata barua ya kustaafu, hatukushangaa kusikia kwamba anarudi Ushirombo kwa mdogo wake, Otmar. Tulishangaa tu jinsi tulivyoumia. Bintiye, Limi, ameolewa hapa hapa mtaani na amemzalia wajukuu, na nyumba anayokaa amepewa nafasi ya kuendelea kuipanga. Nilimuuliza kwa nini basi aende. Hakuzungusha maneno.

"Justa, huko Ushirombo nikibisha hodi, watauliza nimeleta nini kutoka sokoni," alisema. "Hapa nani atanifungulia mlango asiogope?"

Jambo hilo sikuliacha lilale. Nikiri kwamba siri za ofisi nazitunza, hii haikuwa ya ofisi. Nilimweleza Mama Donatus.

Kwa hiyo ile Jumanne ya mwisho, baada ya kuiegemeza baiskeli, Mzee Leodgar aliondoka kwa miguu kuwaaga majirani. Alikuwa amekifungua kibuyu kwenye usukani lakini akakisahau juu ya meza yangu, au labda alikiacha. Nilimfuata kwa nyuma, nikisingizia kwenda bombani. Michi ilisimama hewani kama kawaida. Watoto walinyamaza. Alipofika kwenye ua wa minyaa alisita, na nadhani angepita, lakini Mama Donatus alikuwa amesimama mlangoni, na mkononi alikuwa na kikombe.

"Baba Limi," alisema, "siku ile uliniomba maji, nikakupa kilio. Maji yako haya hapa. Ingia ukae."

Aliingia, akakaa. Mama Donatus naye akakaa, kifua kikimdunda, alituambia baadaye, maana mazoea ni mazoea. Wote wawili wakangoja kidogo, kana kwamba kuna kitu lazima kisemwe. Hakikuwepo. Mzee Leodgar akanywa maji yote, akarudisha kikombe, akaomba tena. Mama Melania wa nyumba ya pili, aliyekuwa anachungulia, akatoka na kata yake ya maji. Kufika jioni alikuwa amekunywa katika nyumba nyingi kuliko afya inavyoruhusu, na Limi alilazimika kuja kumchukua.

Otmar ametumiwa salamu kwamba kaka yake atakwenda Ushirombo kutembea, siyo kuhamia.

Kwa niaba ya wafanyakazi wenzako, Mzee Leodgar, asante. Asante kwa kila kona uliyoshuka kwenye baiskeli wakati ungeweza kupita, na kwa kila mtu uliyemkalisha kabla hajaanguka. Ulibeba mazito yetu miaka yote hiyo bila kumtupia mtu mzigo mlangoni. Sasa mtaa ni wako kama ulivyo wetu. Mungu akujalie jioni ndefu, wajukuu watundu na chai yenye sukari.

Na kwenu, majirani wa Kota Mpya: akibisha hodi, mfungulieni. Akiomba maji, mpeni. Ana kiu tu.

Justa Maduhu,
Karani, Ofisi ya Makazi