Kuku Aliyepewa Jina

Katika probox ya abiria ya kwenda Malava niliketi kando ya mama mmoja na mzee ambaye mama huyo hakuwa anamjua. Mama alikuwa akimweleza kwamba rafiki yake wa Nairobi amekuja kumtembelea kwa siku nne, pamoja na watoto watatu.

"Siku ya kwanza niliwaonyesha kuku nitakayewachinjia," alisema. "Wakampa jina. Sasa anaitwa Ashley."

Mzee akauliza kama jina linazuia kisu.

"Walilia mpaka mama yao naye akalia. Jana tulipoenda kuona msitu, wakakataa kumwacha nyumbani. Tukambeba. Askari wa langoni akauliza huyu analipa kama mgeni ama kama mwenyeji."

"Ukasema?"

"Mwenyeji. Kwao si ni hapa?"

Nilitazama nje nisije nikacheka. Mzee hakuona kichekesho. Alisema mgeni hawezi kulala siku nne katika boma la Mluhya na arudi bila kuonja ingokho, kuku wa kienyeji. Achinje mwingine.

"Wote wana majina. Jogoo ni Baba Ashley."

"Nunua sokoni, ashachinjwa."

"Watauliza alikuwa anaitwa nani." Sauti yake ilishuka. "Wanaondoka kesho, mzee. Mume wangu ameacha kuniongelesha. Anasema nimemwaibisha."

Gari likasimama Malava. Mzee alishuka polepole, akainama dirishani.

"Nialike mimi leo jioni," alisema kwa upole. "Mimi hata majina ya wajukuu wangu nasahaunga."